Bado Siku Mbili

Fomu ya chuo ina mistari mitatu
chini ya swali: Taja ujuzi ulio nao.
Nimekwisha kuandika jina, Jerusha Kadenyi,
nimeandika Luanda, Vihiga,
na sanduku la posta la shule ya msingi
maana kwetu hatuna sanduku.
Kwenye ile mistari mitatu nikaandika: Sina.
Neno dogo. Likapata hata nafasi ya kujinyoosha.

Miaka sita nasaga kwa mjomba Asava.
Mtu akiniuliza nafanya nini, namjibu: nasaidia tu.
Hilo "tu" nimelibeba kichwani kama debe linalovuja,
nikifika nyumbani nimelowa
na debe halina kitu.

Lakini leo kalamu imekwama,
na aliyenijia akilini ni yule mnunuzi wa Septemba
aliyekuja na kipimo cha unyevu kwenye mfuko wa ngozi,
akakifuta kwa leso kabla hakijagusa punje.
Mama Kageha alikuwa ameanika wiki nzima
juu ya turubai, kando ya barabara ya Maseno,
akifukuza kuku, kila mmoja kwa jina lake.

Nilizamisha mkono guniani hadi kiwiko,
nikachota punje, nikazitikisa karibu na sikio.
Hindi kavu hulia cha! likigongana na mwenzake,
lisilokauka hunong'ona.
Nikauma moja kwa jino la nyuma.
"Bado siku mbili," nikasema.

Mnunuzi alicheka.
Kipimo kikawaza, kikawaza, kikatoa namba:
kumi na tano na nusu.
"Tunataka kumi na tatu na nusu. Lirudi juani."
Aliliambia gunia, mimi hakunitazama.
Siku ya tatu alirudi, akapima, akalipa.
Kipimo chake kinakula betri mbili.
Jino langu linakula ugali.

Na mimi nikaita hiyo kubahatisha!

Kama ni hivyo, nimebahatisha mengi.
Nikiwa kwa muuza mboga, ng'ambo ya reli,
nasikia mkanda wa kinu ukianza kulegea,
nakimbia na sukuma mkononi kabla haujakatika.
Daftari la madeni ninalo kichwani
kuliko lilivyo kwenye karatasi:
nani hulipa Ijumaa, na Ijumaa ya mwezi gani.
Nimejua kumwambia mtu hapana
bila aliye nyuma yake kwenye foleni kuisikia.
Haya yote cheti chake
ni unga ulioganda nyuma ya masikio.

Nageuza ukurasa. Orodha ya kozi:
umeme, ushonaji, ususi, upishi,
na chini kabisa, karibu kukatwa na mashine ya kunakili,
Ukaguzi wa Ubora wa Nafaka.
Nimeisoma mara nne.
Nafaka naijua.
Ubora tumekosana nao na kupatana kila asubuhi.
Ukaguzi, je, ndio huo, wa kutazama kwa meno?
Kumbe kuna watu huufanya
wakiwa wamevaa koti jeupe, jeupe kwa kufuliwa,
si kwa unga.

Sijui kama ni mimi.
Inanukia kama mimi.

Nimeipiga Sina mstari mmoja, haikufutika sana,
watakaoisoma waione ilikokuwa.
Juu yake nimeandika kwa herufi za kubanana:
Namjua hindi aliye tayari na asiye tayari.
(Nimemwita kama mtu. Wacha ikae hivyo.)
Mstari wa pili: Nasikia mashine kabla haijaharibika.

Wa tatu nimeuacha wazi.
Kuna kitu kingine nakijua, nakihisi kiganjani,
nikikitikisa bado kinanong'ona.
Siku mbili hivi.
Fomu zinapokelewa hadi Alhamisi.